Matofali ya Vijiji Viwili

Nimestaafu kwa bega, si kwa umri. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila nikitamka neno kustaafu watu wa hapa hucheka, wakiniangalia nilivyo, binti ambaye hata mvi ya kwanza haijatokea. Lakini mpini wa mashine ya kushindilia matofali haujali umri. Ukiuvuta msimu baada ya msimu, ipo siku mkono unainuka hadi kifuani na hapo unagoma. Wangu umegoma. Mashine sasa mmekabidhiwa nyinyi, vijana wa Kwedimgunda na vijana wa Makambini, na mmeniomba niwaeleze kazi ilivyo. Kwa mdomo sitaweza, mnanijua. Nikisimama mbele ya watu sauti inakwenda kujificha. Kwa kalamu naweza, ila naandika polepole, shule yangu ni ya msingi tu. Basi na nyinyi nisomeni polepole.

Ya malipo sitayagusa. Wala sitaeleza nilivyopewa cheo cha msimamizi, maana cheo chenyewe kilikuja na filimbi ambayo hakuna aliyeitii.

Kwa wale mliohamia juzi: Kwedimgunda iko upande wa Handeni, Makambini iko upande wa Korogwe, na katikati kuna korongo ambalo kiangazi hata mbuzi analiruka. Kwedimgunda tuna ardhi na tuna udongo mwekundu unaofaa kwa matofali. Maji hatuna. Makambini wana maji na mchanga, lakini hawana hata kipande cha ardhi wanachoweza kukiita chao. Wamezaliwa kwenye vyumba vya mistari walivyojengewa wakata mkonge, babu zao walitoka Unyamwezi, Songea na Kigoma, shamba likafa, wao wakabaki, na sasa vyumba vinawaangukia. Ndipo serikali za vijiji hivi viwili zikakubaliana: Kwedimgunda itoe viwanja na udongo, Makambini watoe maji, mchanga na mikono, mashine inunuliwe kwa kuchangiana, na kila mwaka zijengwe nyumba za bei ndogo kwa watu wa pande zote mbili, mwenye nyumba akilipia sehemu kubwa kwa jasho lake. Mpango uliposomwa mkutanoni nilidhani baada ya muda mfupi tutakosa watu wa kuwajengea. Nilikuwa mdogo.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda kuteka maji kama wengine. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mhina, Mzigua wa kwetu, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa na hasira za kudumu. Alikuwa amejenga Kwaluguru na Kwedizinga, na kote huko aliacha nyumba nzuri na watu asiosalimiana nao. Alikuwa anatafuta mtu wa kushika mpini. Akapita mbele yetu akatuangalia, kila mmoja akimwambia anavyoweza kazi. Mimi nilikaa kimya.

"Wewe huongei?"

"Naongea, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo inatosha. Njoo huku."

Alichonifundisha siku hiyo ndicho nawafundisha na nyinyi. Udongo uchekechwe kwanza, na mabonge yanayobaki juu ya chekeche yasirudishwe kwa kuonewa huruma. Ukishachanganya na saruji na maji, chukua donge, libane kiganjani, liachie lianguke kutoka usawa wa kifua. Likisambaratika kuwa unga, udongo ni mkavu. Likijibandika chini kama kinyesi cha ng'ombe, umezidisha maji. Likigawanyika vipande vichache, endelea. Kisha jaza chumba cha mashine, pitisha kijiti juu ili udongo ukae sawa na mdomo wa chumba, funga, vuta. Tofali likitoka libebe kwa viganja viwili kama mtoto mchanga, lipange kivulini, lifunike kwa nyasi na ulimwagie maji kila asubuhi kwa wiki nzima na zaidi. Matofali haya ni ya kufungamana, kila moja lina kinundu juu na shimo chini, kinundu cha hili kinaingia kwenye shimo la lile, huhitaji saruji ya kuunganisha. Ndiyo maana ni nafuu. Na ndiyo maana ukikosea kimo cha tofali moja ukuta mzima utakusuta.

Pale kwenye kijiti ndipo ilipotokea balaa, nitafika.

Tatizo la kwanza lilikuwa siku za kazi. Tulijenga kwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu. Ijumaa Kwedimgunda hatufanyi kazi. Jumamosi Wasabato wa Makambini hawafanyi. Jumapili Makambini waliobaki wako kanisani. Jumatano ni gulio. Siku zilizosalia ziligawanywa kati ya shamba na misiba. Mnapoona matofali yameshindiliwa kwa wingi wiki fulani, jueni wiki hiyo hakufa mtu.

Hata hivyo nyumba mbili tatu zilisimama kwetu, za watu wa kwetu, na hazikuleta maneno. Maneno yalianza na nyumba ya Bibi Nyamizi.

Bibi Nyamizi ni wa Makambini, mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge. Alizaliwa kwenye chumba cha mstari na alikuwa angali anaishi humohumo, peke yake. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho ulikuwa umeanguka, akauziba kwa turubai. Paa lilikuwa limelegea upande huo likingoja kuufuata ukuta. Kila aliyekwenda kumwona alitoka akisema jambo lile lile, kwamba masika ikimkuta humo hatoki salama. Kwa hiyo alikuwa wa kwanza wa Makambini kupewa kiwanja kwenye ardhi ya Kwedimgunda, na kamati ya pamoja ikaamua nyumba yake iwe nyumba ya mfano. Mkisikia neno mfano kwenye kikao, shikeni vichwa.

Kamati ilikuwa na wenyeviti wawili, kwa kuwa hakuna kijiji kilichotaka kutoa makamu. Wa kwetu alikuwa Mwenyekiti Kilua, mfuga mbuzi, mpole, asiyesahau kitu. Wa Makambini alikuwa Mwenyekiti Mapunda, fundi baiskeli, ambaye alikuwa mwepesi wa kuona dharau hata kwenye salamu. Walikaa wakakubaliana kwamba, ili asitokee mtu akasema nyumba ya mfano imejengwa na upande mmoja, matofali yatoke pande zote mbili, nusu kwa nusu. Mashine ikae kwetu mpaka nusu yetu itimie, kisha ivushwe korongo, Makambini washindilie nusu yao kwa udongo uleule. Kuta mbili zijengwe kwa matofali yetu, mbili kwa yao. Watu walipiga makofi. Mzee Mhina alikuwa nje akinoa mwiko, hakuulizwa.

Mashine ilivuka, na mimi sikuvuka nayo, kwa sababu Makambini walitaka mpini ushikwe na mtu wao. Nao walifanya kazi kweli, siwezi kusema vingine. Ila hawakutumia kijiti. Wao ni watu wa karai. Walijaza udongo ukafanya kilima juu ya chumba cha mashine, wakakilazimisha kifuniko, wakavuta mpini watu wawili kwa wimbo. Matofali yao yalitoka magumu, mazuri na manene. Manene kuliko yetu kwa kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

Ukucha si kitu ukiwa na tofali moja. Mzee Mhina alianza kupandisha pembe nne kwa mpigo, na kuta zilipofika usawa wa goti akaweka pima maji, akaitazama, akaiondoa, akaipangusa kwa shati, akaiweka tena. Kisha akakaa chini.

"Zaina," akaniita, "njoo uniambie unaona nini."

Nilichungulia. Ukuta wa Makambini ulikuwa umemzidi mwenzake, na kwenye pembe vinundu vilikuwa vimepitana na mashimo, hakuna kilichofungamana na kingine.

"Naona kama haziendani, mzee."

"Haziendani. Wamekaa kikao watu wazima kumi na kitu, wakala wali, wakaamua nyumba iwe na vimo viwili. Bati nitaezekaje? Nimwambie mama wa watu alale kwenye mteremko?"

Bibi Nyamizi mwenyewe alikuwa hapo. Alivuka korongo karibu kila siku kuja kuangalia kazi, na kiti chake kilikuwa rundo la matofali mabichi. Hapa niwaeleze kitu, kwa kuwa baadhi yenu mmekulia mjini. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na ukikasirika aibu ni yako. Mzee Mhina na Bibi Nyamizi waliishi kwenye utani huo kama samaki kwenye maji.

"Shuka kwenye matofali, Mnyamwezi wewe. Babu yako alikuja huku kubeba mizigo, wewe umekuja kuikalia."

"Babu yangu alibeba mizigo akafika pwani akarudi. Wa kwako alijificha porini mpaka leo hajatoka. Nyumba yangu iko wapi?"

"Iko kwenye kikao."

"Basi nitahamia kikaoni. Huko naona hakuvuji."

Dawa ya ukuta Mzee Mhina aliijua, na haikuwa ngumu. Badala ya kugawana kuta, wagawane kimo: mistari yote ya chini mpaka usawa wa dirisha iwe ya kijiji kimoja, hapo katikati upigwe mkanda wa zege kuzunguka nyumba, na juu yake iendelee mistari ya kijiji cha pili. Alibomoa alichojenga, akaenda kuwaeleza wenyeviti. Akaniambia nimfuate ili nishike vipande viwili vya matofali wavione. Nilivishika. Nilikaa navyo mapajani kikao kizima.

"Ni sawa," akasema Mwenyekiti Kilua. "Sasa nani awe chini?"

Mzee Mhina akafumba macho.

"Kwetu chini hapana," akasema Mwenyekiti Mapunda. "Sisi watu wa kambini tumebeba vya kutosha. Tubebe na matofali ya wenzetu? Watoto watapita watasema, mnaona, Makambini wako chini."

"Basi sisi Kwedimgunda tutakuwa chini," akasema Mwenyekiti Kilua.

Mwenyekiti Mapunda akamwangalia mwenzake.

"Mbona umekubali haraka hivyo?"

"Nimekubali tu, ndugu yangu."

"Hapana. Aliye chini ndiye ameshika msingi. Baadaye mtasema nyumba ni yenu, sisi tumewekwa juu yake kama wapangaji."

Wakaahirisha. Kikao cha pili wakaahirisha tena kwa sababu kulikuwa na msiba. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa kwenye milima ya upande wa Lutindi asubuhi na kuondoka mchana, na kila mtu anajua yanapokuja kukaa bila kuondoka maana yake nini. Kikao kilichofuata Bibi Nyamizi aliingia bila kuitwa, akasimama mlangoni na kanga yake imelowa manyunyu.

"Shikamooni wenye umri wa kuamkiwa, hamjambo mliobaki. Nimesikia mnabishana nani awe chini yangu. Mimi ni mjane wa siku nyingi, jambo hili nilikuwa nimelisahau. Wekeni yeyote."

Hata Mwenyekiti Mapunda alicheka, na kwa kuwa alicheka ikawa amekubali. Kwedimgunda chini, Makambini juu.

Baada ya hapo nyumba ilipanda kama inavyotakiwa kupanda. Tulifanya kazi pamoja, pande mbili, na siku hizo ndizo nitakazozikumbuka: Makambini wakiimba, sisi tukijibu, Mzee Mhina akitukana kote kwa haki. Vyumba viwili, baraza dogo, bati, madirisha ya mbao. Mlango wa mninga unaofungukia nje, kwa kuwa ndani pangekuwa padogo. Mkipita pale mtaona mkanda wa zege na rangi mbili za ukuta, chini nyekundu, juu imekolea kidogo kwa mchanga waliouchanganya wao kwenye udongo. Si mbaya. Watu wanadhani ni urembo.

Nyumba ikaisha na masika haijaanza. Mngedhani habari imeishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Nyumba ya mfano lazima izinduliwe. Kuzinduliwa kunataka mgeni rasmi, na mgeni rasmi atoke wilaya ipi? Mwenyekiti Kilua akasema ardhi iko Handeni. Mwenyekiti Mapunda akasema mwenye nyumba katoka Korogwe. Hapo katikati ikaanza minong'ono. Upande wetu wakasema Makambini wataiingiza familia nyingine kinyemela. Upande wao wakasema Kwedimgunda watampa mtoto wa mwenyekiti. Mwenyekiti Mapunda akaja akapigilia komeo mlangoni, akatia kufuli. Mwenyekiti Kilua, mpole kama nilivyosema, hakugombana naye. Akapigilia komeo lake chini ya lile, akatia kufuli la pili. Kila mmoja akaondoka na ufunguo wake mfukoni. Bibi Nyamizi akarudi kwenye turubai lake kungoja siku ya sherehe, ambayo ilipangwa, ikasogezwa, ikapangwa tena.

Kisha masika ikaingia. Ilianza mchana, kwa upepo, nasi tulikuwa tumejibanza kwenye kibanda cha mashine. Tukamwona Bibi Nyamizi anapanda kutoka korongoni, maji yakimfika magotini, kichwani amebeba godoro lililokunjwa ndani ya turubai. Alipotufikia hakulia wala hakulalamika. Alisema paa limeufuata ukuta, basi. Yeye alikuwa nje akikinga maji, ndiyo maana yuko hai.

Mzee Mhina alituma watu wawili, mmoja kwa kila mwenyekiti. Wa kwanza akarudi: Mwenyekiti Mapunda atakuja kufungua akisikia mwenzake ameshafungua. Wa pili akarudi na jibu hilohilo, ila limesemwa kwa upole. Bibi Nyamizi alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba yake mpya, amejikunyata, mvua ikipigwa na upepo inamfikia. Alianza kutetemeka meno. Nilimvua kanga iliyolowa nikamfunika kwa gunia la saruji, sikuwa na kingine.

Mzee Mhina akasimama akauangalia mlango kwa muda.

"Mtani," akasema, "nakuchukulia mlango wako. Umenichosha."

"Chukua," akasema Bibi. "Mwizi hakosi kazi."

"Zaina, bisibisi."

Makufuli hakuyagusa. Alikwenda upande wa pili, kwenye bawaba, ambazo kwa mlango unaofungukia nje huwa ziko nje. Akafungua misumari ya skurubu mmoja mmoja, maji yakimtiririka puani, akiwataja wenyeviti wote wawili kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Bawaba ya mwisho ilipoachia, tulishika mlango tukidhani utaanguka. Haukuanguka. Ulifunguka kinyumenyume, ukining'inia kwenye yale makomeo na makufuli mawili, ukazunguka vizuri kabisa kama uliotengenezwa hivyo. Bibi Nyamizi akaingia na godoro lake. Ndani palikuwa pakavu.

Kulipokucha wenyeviti walifika, kila mmoja na watu wake. Walikuta moshi unatoka dirishani na mlango umerudishiwa.

"Nani amefungua?" akauliza Mwenyekiti Mapunda.

"Hakuna aliyefungua, mwenyekiti," akajibu Mzee Mhina. "Makufuli yenu hayo hapo. Mimi nilikuja kumnyang'anya mtani wangu mlango, mvua ikanizuia kuubeba."

Mwenyekiti Kilua, ambaye ni Mzigua na anajua utani haupelekwi kwenye baraza la kijiji, alitazama chini. Mwenyekiti Mapunda akayashika makufuli, akayavuta. Yalikuwa yamefungwa sawasawa.

"Basi tuyatoe," akasema Mwenyekiti Kilua, "fundi arudishe bawaba."

"Tangulia wewe."

"Tutoe pamoja."

"Pamoja vipi, mlango ni mwembamba. Tangulia."

Walikuwa wangali wanasema hivyo Bibi Nyamizi alipotokea na kikombe cha chai mkononi, akawaamkua, wakamwitikia kwa aibu.

"Yaacheni hapohapo, wanangu," akasema. "Mkiyatoa mlango wangu utaanguka."

Akauvuta kwa ndani, ukazunguka juu ya makufuli yao, ukafungwa.